Wanangu Wazazi wa Mtaa wa Umoja, Nairobi, Fungueni Magunia

Wanangu,

Nikija kuwaona watoto, mama hukimbilia kuondoa mlima wa nguo kochini ili nipate pa kukaa, macho chini kwa aibu. Acheni aibu hiyo. Umeamka saa kumi na moja kuandaa watoto, jioni ukakwama kwenye foleni ya Jogoo Road, ukafika saa mbili usiku. Nguo hizo angezikunja nani?

Ila kuna vitu vinavyojaza nyumba kwa sababu tulivipata kwa shida, basi kuvitoa kunauma. Nguo za kitindamimba wangu nilizifunga kwenye gunia chini ya kitanda miaka 11, nikisema huenda Mungu akanipa mwingine. Siku nilipolifungua, unyevu ulikuwa umezila. Nilishika kisweta cha manjano, vifungo vikabaki mkononi. Na katika miaka hiyo hiyo, mlango wa tatu kwenye ploti yetu, msichana alijifungua akamfunika mtoto kwa leso moja. Hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hivyo nguo ikimbana mtoto, itoke wiki hiyo hiyo. Kuna jirani, kuna binamu ushago. Ile mifuko ya kitambaa iliyorundikana nyuma ya mlango tangu ya plastiki ipigwe marufuku 2017, bakisheni mitano. Maboksi na vifuniko vya chupa vya kazi za shule za mtaala wa CBC, mwalimu akishakagua, mtoto achague kimoja cha kuweka. Mitungi ya maji msiiguse, hata ikiziba njia ya jikoni. Maji yetu ni ya mgao, na mfereji hukauka bila kukuambia.

Msianze na nyumba nzima, mtachoka kabla ya adhuhuri. Anzeni na viatu vya shule, maana kiatu kimoja kilichopotea ndicho kinachowagombanisha alfajiri huku gari la shule likipiga honi. Weka karai kuukuu mlangoni, viatu vyote vilale humo. Hata mtoto wa miaka minne ataviweka mwenyewe.

Nanyi kina baba, nguo hukunjika vizuri tu huku mtu akitazama mpira. Msimwachie mama peke yake.

Jumamosi niko nyumbani kuanzia saa tatu. Anayetaka kupanga chumba aniletee watoto, nitawapikia githeri, awachukue jioni. Na nguo zilizowabana mje nazo. Ploti ya nyuma kuna mama amejifungua mapacha.

Shosho wenu