Mwanangu, hilo neno bond kwenye mkataba

Mwanangu,
Mkataba wa kazi ya unesi ulionitumia jana nimeusoma kwa simu hadi macho yakauma. Ukurasa wa nne, pale chini kwa maandishi madogo, neno bond limeandikwa mara tatu. Usisaini kwanza. Nakuomba usisaini mpaka ujue wanakufunga kazini miaka mingapi na ukiondoka mapema unawalipa paundi ngapi.

Umeniambia mama hiyo ni dhamana tu. Sawa, na hatifungani za serikali ni neno hilohilo, gundi ikishika mbao ni hilohilo, hata upendo wa mama na mwanae Wazungu wanauita bond, yote asili yake ni kufunga, ni ndugu wa bind na band. Ila iko bond nyingine ya ukoo tofauti, wanafunzi wangu wote nilikuwa nawaeleza. Zamani Uingereza bonda alikuwa mtu mwenye kaya yake, mkulima, jina limetoka kwa watu wa Skandinavia na limo mpaka ndani ya husband, yaani mwenye nyumba. Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, wakaingia 1066 wakagawana ardhi, wakulima kibao wakawa wanalima kwa bwana na kuondoka hawaruhusiwi, basi na jina likashuka nao hadi bondman akawa mtumwa. Mtu yuko palepale kwake, jina ndo limemgeuka. Usiku silali nawaza hilo.

Najivunia wewe, nesi wa kwanza kwenye ukoo wetu, hadi muuza mkaa nimemwambia. Ila una haraka mwanangu, na ukishaamua husikii la mtu.

Na sisi huku kuweka bondi tunaona kitu kidogo, unaacha redio, mwisho wa mwezi unakomboa. Ile cherehani ya bibi yako haikwenda kwa fundi. Ilikuwa ada yako ya muhula wa pili, riba ikanishinda. Bibi hajui mpaka leo, usimwambie.

Kwa hiyo waulize miaka mingapi, na wakujibu kwa maandishi, ya mdomo usikubali.

Bati la jikoni linavuja tena, fundi anataka elfu 45, usitume hela ntauza kuku. Ukija Ijumaa pitia famasi uchukue dawa ya macho ya bibi, ile ya kichupa cheupe, imeisha tangu juzi.

Mama