Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Inflamesheni, Vimeng'enya Vyake na Saratani

Bismillahi Rahmani Rahim.

Wazee wetu, ndugu wanajumuiya wa Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, pamoja na wenzetu mliovuka bahari kutoka Unguja, Assalamu alaykum.

Mkutano wa mwaka jana uliitaka Kamati Tendaji ijibu swali lililoulizwa na mwanajumuiya aliyekuwa akimuuguza mama yake: ikiwa saratani inapata nguvu kutokana na inflamesheni, kwa nini tusimeze aspirini kila siku tukaepukana na maradhi haya? Tulidhani ni swali la kikao kimoja. Limetuchukua mwaka mzima, na sehemu kubwa ya taarifa hii ndiyo jibu lake.

Naanza na lugha, kwani ndiyo iliyotuchelewesha. Neno "uvimbe" tunalitumia kwa jipu, kwa kifundo cha mguu kilichoteguka na kwa saratani ya titi, na katika kikao cha kwanza wajumbe wawili walibishana karibu nusu saa kabla ya kubainika kwamba kila mmoja alikuwa na uvimbe wake. Tulikubaliana basi kwamba inflamesheni ni ule mwitikio wa mwili unaoleta joto, wekundu, maumivu na kuvimba pale unapojeruhiwa au kuingiliwa na vijidudu, na uvimbe tukauachia nyama zinazoota, za saratani na nyengine.

Uhusiano wa mambo haya mawili si habari mpya. Mwaka 1863 Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani, aliona chembe nyeupe za damu ndani ya nyama za saratani, akahisi kwamba saratani huanzia mahali palipoungua kwa inflamesheni ya muda mrefu. Sisi wa Pemba hatuna haja ya kwenda Ujerumani kutafuta mfano, kwa kuwa mayai ya kichocho yanayonasa katika ukuta wa kibofu huutia inflamesheni isiyopoa kwa miaka mingi, na tangu mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limekiorodhesha kichocho hicho cha mkojo miongoni mwa visababishi vilivyothibitika vya saratani ya kibofu.

Kinachofanyika ndani ya seli ni hiki. Katika utando wa kila seli mna mafuta yaitwayo asidi ya arakidoni, na kimeng'enya (yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini) kiitwacho saiklooksijenesi, ambacho wataalamu hukifupisha COX, huanza kuyageuza yawe prostaglandini, kemikali zinazochochea inflamesheni na kazi nyengine za mwili. Kimeng'enya hiki kipo kwa aina mbili, kama ndugu wawili. COX-1 yupo kazini kila siku, akilinda utando wa tumbo na kusaidia damu kuganda. COX-2 kwa kawaida hulala katika sehemu nyingi za mwili, huamshwa na jeraha au maambukizo, na kazi ikiisha hulala tena. Katika saratani nyingi, hasa ya utumbo mpana, COX-2 hubaki macho. Prostaglandini aina ya E2 anayoitoa huzihimiza seli zigawanyike, huzizuia kufa kwa wakati wake, huvuta mishipa mipya ya damu ielekee kwenye uvimbe, na huwalegeza askari wa mwili ambao wangeushambulia. Yaani saratani hujifanya kidonda kisichopona, na mwili ukaihudumia kama kidonda. Vipo vimeng'enya vyengine, kama metaloproteinesi zinazokata nyuzi zinazozishikilia seli mahali pake na kuifungulia saratani njia ya kusambaa, lakini swali letu lilikuwa la aspirini.

Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini, na mwaka 1982 akawa mmoja wa watatu walioshiriki Tuzo ya Nobel. Tangu hapo ushahidi umekuwa ukivuta huku na huku. Utafiti uliotolewa mwaka 2011, uliohusisha watu 861 waliorithi hitilafu ya Lynch, ambayo ni hitilafu ya jeni inayozidisha hatari ya saratani ya utumbo mpana, ulionesha kwamba aspirini ya miligramu 600 kwa siku ilipunguza saratani ya utumbo mpana, ingawa faida ilionekana baada ya miaka kadhaa. Mwaka 2025 utafiti wa nchi za Ulaya ya Kaskazini ulionesha kwamba miligramu 160 kwa siku zilipunguza karibu kwa nusu kurudi kwa saratani ya utumbo baada ya upasuaji, kwa wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa na mabadiliko maalumu ya jeni. Hata hivyo, mwaka 2018 utafiti wa wazee 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wao wa miaka 70 na zaidi, haukuona faida. Vifo vya saratani vilikuwa vingi zaidi kwa waliomeza aspirini. Nayo dawa ya rofekoksibu, iliyotengenezwa imlenge COX-2 peke yake, iliondolewa madukani mwaka 2004 baada ya kuonekana kuzidisha maradhi ya moyo na kiharusi. Iligunduliwa hivyo katika utafiti uliotaraji kuwakinga watu na vinyama vya utumbo vinavyoweza kugeuka saratani.

Kwa hiyo Kamati imekataa pendekezo la kununua aspirini na kuwagawia wanachama. Aspirini haichagui, humzuia COX-1 pamoja na nduguye, tumbo likabaki bila ulinzi. Mwanajumuiya mmoja aliyeanza kuimeza kwa hiari yake alitapika damu mwezi wa Ramadhani, na namshukuru kwa kuturuhusu tulieleze hili. Aliye katika tiba ya kemikali ana hatari zaidi, kwani tiba hiyo hupunguza vigandisha damu. Panadoli nayo si mbadala, maana hutuliza maumivu na homa lakini inflamesheni haiigusi sana.

Mmeuliza pia kuhusu manjano. Kiini cha manjano humzuia COX-2 katika vyombo vya maabara, lakini kikimezwa ni kidogo mno kinachofika katika damu. Tieni manjano katika mchuzi kama walivyotia bibi zetu. Anayewauzia kwa chupa kuwa ni tiba ya saratani, mwacheni na chupa yake.

Nguvu zetu tumezielekeza kwenye kuzima chanzo cha inflamesheni kabla kimeng'enya hakijaamka: kuwahimiza wazazi watoto wao wameze dawa ya kichocho inapogawiwa na wasioge katika mito na mabwawa yenye konokono wanaoeneza kichocho, na wasichana wapate chanjo ya virusi vya papiloma, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018.

Kamati inaomba ridhaa yenu katika mambo mawili: fedha zilizotengwa kwa aspirini zihamishiwe nauli ya boti ya wagonjwa wanaokwenda Dar es Salaam kwa tiba ya mionzi, na kila mgonjwa anayesafiri apewe karatasi yenye majina ya dawa zote anazomeza, za dukani na za mitishamba, amkabidhi daktari wake.