Kafeini haifuti usingizi wa dereva

Mhariri,

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu limekuwa jambo la kawaida pembeni ya usukani. Kinachomkesha dereva humo ni kafeini, si nguvu mpya. Mtu akikesha, ubongo hurundika kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo humletea usingizi. Kafeini hukalia nafasi ya adenosini isifanye kazi, lakini haiiondoi. Kafeini ikipungua, usingizi uliozuiliwa humwelemea dereva. Akisinzia sekunde 4 tu, basi lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa limekwenda karibu mita 90 bila mtu.

Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina miligramu 80 hivi za kafeini, zinazokaribia kikombe kimoja cha kahawa. Chai ya rangi ina kama nusu yake. Tangawizi tupu haina kabisa, hata iwe kali namna gani. Abiria wanaposhuka kuchimba dawa, dereva anywe kopo moja, kisha alaze kiti na kulala hapo hapo dakika 15 hadi 20. Kafeini hushika vizuri baada ya nusu saa hivi, kwa hiyo ataamka inapoanza kazi, na huo usingizi mfupi utakuwa umeshampunguzia mzigo. Asipitilize nusu saa, ataamka mzito kuliko alivyolala.

Hatari ni kufululiza makopo. Mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 200 kwa mara moja, wala 400 kwa siku. Akizidisha, vidole hutetemeka, moyo hudunda, na hasira huwa karibu: lori likimchelewesha kidogo tu mlimani, anataka kulipita hata kwenye kona. Anayemeza antibiotiki iitwayo ciprofloxacin apunguze zaidi, kwa kuwa dawa hiyo huchelewesha kafeini kutoka mwilini.

Tena kuna usingizi wa mchana. Kafeini hupungua kwa nusu katika saa 5 hivi. Aliyekunywa saa kumi alfajiri, saa tatu asubuhi bado ana nusu yake, analala gesti akigeuka-geuka, na jioni anarudi kwenye usukani na deni la jana.

Wenye mabasi, ziandikeni dakika hizo 20 kwenye ratiba ya safari, na kondakta asimgongee dereva kioo kabla hazijaisha.

Mfamasia,
Morogoro