Kabla hujaandika pendekezo la utafiti

Mwanangu mpenzi,

Nimesoma ulichoniletea. Umesema uzamivu wako utahusu "mabadiliko ya tabianchi na haki za binadamu Afrika". Hilo si swali, ni bahari. Ukiingia nalo hivyo utapiga makasia miaka mitano bila kuona pwani.

Kata kipande kimoja. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya ya 2016 ilirekebishwa 2023, ikaingiza masoko ya kaboni, yaani biashara ya kuuza upunguzaji wa hewa ukaa. Mradi unaotegemea ardhi unatakiwa uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama za uendeshaji. Usiotegemea ardhi, asilimia 25. Sasa uliza: hizo gharama anazipiga hesabu nani? Mwanakijiji akitaka kuona vitabu, anaanzia wapi? Hapo pana tasnifu nzima. Ila hakikisha una toleo jipya mkononi. Ni rahisi kurithi nakala ya 2016 kwa mwenzako, ukajikuta unachambua sheria ambayo imeshabadilika.

Halafu jifunze utaratibu wa mahakama, hata kama hauna utamu. Kila mtu anataka kuandika juu ya Mkataba wa Paris wa tabianchi, na huku kesi za kwetu mara nyingi zinaamuliwa mlangoni, kwa hoja za utaratibu. Chukua mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Tabianchi iliguswa, lakini uzito ulikuwa kwenye ushirikishwaji wa wananchi: mikutano iliyofanyika ilikuwa ya utangulizi, kabla ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira haijakamilika. Wakazi wangetoa maoni juu ya nini?

Weka kando yake kesi ya bomba la mafuta ghafi, Hoima hadi Tanga. Novemba 2023 Mahakama ya Afrika Mashariki iliitupa kwa kuwa ilifunguliwa nje ya muda. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatoa miezi miwili tu ya kufungua kesi. Hoja za mazingira hazikufikiwa. Kesi hizo mbili zikikaa pamoja, una mhadhara wa saa mbili, na makala juu.

Soma hukumu yenyewe, si muhtasari wa gazeti wala wa shirika lililoshinda, na unaponukuu taja namba ya aya. Maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya 23 Julai 2025, juu ya wajibu wa nchi kuhusu tabianchi, ni ushauri; yana uzito, lakini ukiyaita hukumu, mhakiki makini ataanza kukutilia shaka ukurasa wa kwanza.

Uwakili si lazima ili ufundishe, ingawa unasaidia. Uzamivu ndio usioukwepa. Msimamizi mtafute kwa alichochapisha, si kwa cheo. Profesa wa sheria ya ardhi anayesoma kazi yako atakufaa kuliko bingwa wa tabianchi asiyejibu barua. Na jarida likikuahidi kuchapisha ndani ya wiki mbili kwa malipo, likimbie. Uhakiki wa kweli huchukua miezi, na hurudi na maswali yanayouma.

Andika swali lako kwa sentensi moja, kisha orodhesha chini yake nyaraka unazoweza kuzipata: hukumu, kanuni, mikataba ya jamii. Mkataba usioweza kuupata, ufute. Nitumie karatasi hiyo kabla msimamizi hajaiona.

Mzazi wako