Mashine ya nyasi ikikufa, uliza kwanza spea ziko wapi

Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wa barua niongee kidogo kuhusu hizi mashine za kukata nyasi. Najua kuna watakaosema nchi iko na shida kubwa kuliko nyasi, sawa, lakini hii nayo ni pesa ya watu na inapotea kila msimu wa mvua na hakuna mtu anaisemea.

Masika ikishaingia hapa Nairobi mwezi wa tatu mwezi wa nne mnajua vile nyasi hukimbia, na hapo ndo kila mtu anatoa mashine stoo, anavuta kamba hadi bega linauma na mashine imenuna tu. Huku kwetu Donholm tuko na uwanja wa pamoja, mashine ni ya kamati, ilinunuliwa na michango ya wakazi, na kwa vile mimi ndo naweka pesa maneno yote huniangukia mimi. Msimu huu ilipogoma grupu letu la WhatsApp liliwaka moto, kuna wale wa "ipelekwe kwa fundi", kuna wale wa "tupeni hiyo takataka tununue mpya, si supamaketi zinauza", na mzee mmoja akasema turudie slasha tu vijana wapate kazi. Kila mtu anakuja na bei yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mashine inaumwa na nini, na hakuna aliyeuliza spea zake zinauzwa wapi, na kwa maoni yangu hayo maswali mawili ndo yanaamua kama utatengeneza ama utanunua, hiyo ya bei inakuja nyuma.

Injini ya hizi mashine si siri kubwa. Inataka hewa, mafuta, moto wa plagi na kompresheni, yaani ule mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ikikosa kimoja haiwaki. Na mara nyingi kinachokosekana ni mafuta masafi, kwa sababu mashine ilitumika mara ya mwisho vuli ikiisha, ikarudishwa stoo na petroli nusu tangi, ikakaa na joto la Januari na Februari yote, petroli ikazeeka ikaacha gundi ndani ya kabureta, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa, na vile vitundu vyake vya kupitisha petroli, jeti, ni vyembamba kuliko tundu la sindano, vikaziba. Hapo mashine haijakufa. Ni kufungua kabureta kuosha, kupuliza vitundu, kumwaga petroli yote ya zamani na kuweka mpya, plagi ikiwa imeshika masizi unabadilisha, basi. Lakini wewe nenda kwa fundi mwenye njaa umwambie tu "imekataa kuwaka" uone kama hutaambiwa injini imekwisha, na hapo hapo atajitolea kuichukua kwa elfu mbili akusaidie usihangaike na kuibeba. Ukipata wa maana mwambie afungue ukiwa hapo, na kila kitu anachobadilisha akupe kile cha zamani mkononi. Fundi anayekasirika ukimwomba spea ya zamani, huyo mwachie wengine.

Yetu haikuwa kabureta. Kijana anayetukatia aligonga kona ya simiti iliyokuwa imefichwa na nyasi, mashine ikapiga kishindo ikazima, na tangu siku hiyo ukivuta kamba inakunyang'anya mkononi kwa nguvu. Wacha nieleze hii vizuri kwa sababu watu wanatupa mashine nzima juu yake. Hizi za kusukuma nyingi bledi imefungwa moja kwa moja chini ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na injini, hakuna mkanda, hakuna gia. Ukigonga kitu bledi inasimama ghafla lakini flaiwili, lile gurudumu la injini huko juu, ni nzito na bado inataka kuzunguka. Sasa kati ya flaiwili na krenki kuna kijichuma kidogo mafundi wanakiita kii, na kwa mashine nyingi kimewekwa cha chuma laini makusudi ndo kikatike chenyewe na kile cha ghali kisiumie. Kikisogea hata kidogo tu, sumaku ya flaiwili inapita mbele ya koili, ile inayoipa plagi umeme, wakati si wake, plagi inatoa moto ovyo, injini inakataa ama inarusha kamba nyuma. Fundi tuliyempata huko Kariobangi Light Industries aliifungua tukiwa tumesimama hapo, akakichomoa kwa ncha ya bisibisi kikiwa kimekatwa katikati, nusu moja imehama upande, akaniwekea kwa kiganja. Bei yake haikufika Sh300. Kazi na kunoa bledi akataka elfu moja na mia tano, na nilimpa bila kuomba punguzo. Na kuna watu kwa grupu walikuwa tayari kuchanga elfu thelathini na kitu.

Sasa mtu asinielewe vibaya, si kila kishindo huishia kwa kii. Wakati mwingine krenki yenyewe inapinda, na hiyo ni hadithi ingine kabisa. Kuangalia ni rahisi. Toa waya wa plagi kwanza, hii usisahau, vidole havina spea. Lalisha mashine upande, kabureta na filta ya hewa ziangalie juu ndo oili isiingie huko, vaa glavu, zungusha bledi polepole ukitazama ile bolti ya katikati. Ikizunguka pahali pamoja uko salama. Ikiyumba huku na huku krenki imepinda, na kwa hizi injini ndogo krenki mpya na kazi yake ukijumlisha unakuwa karibu umenunua mashine. Kuna fundi atakuambia anaweza kuigonga inyooke. Kataa. Hicho kitu kinazunguka kama mara elfu tatu kwa dakika na kisu kimeshikilia chini yake, chuma kilichonyooshwa kwa nyundo siku kikikatika sitaki hata kufikiria ni mtoto wa nani alikuwa anapita. Vivyo hivyo injini iliyokaushwa oili hadi konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na krenki, ikatoboa ubavu, hiyo hata mimi nasema iende kwa vyuma vikuukuu. Moshi wa bluu usioisha nao ni habari mbaya, oili inaungua ndani, lakini kama mashine ilikuwa imelalishwa tu halafu ikatoa moshi mweupe dakika chache usishtuke, hiyo ni oili iliyotambaa pahali si pake, itaungua iishe.

Haya, spea. Hapa ndo watu wengi huchanganyikiwa. Hizi pampu za maji na jenereta ndogo tunazoona kila pahali, nyingi injini yake ni ile ya Honda GX160 ama nakala za hiyo, na kabureta yake, kamba yake, ringi zake unapata hadi kwa duka la soko la mashinani. Kwa hivyo mtu anafikiria mashine ya nyasi ni hivo hivo. Si hivo. Injini ya pampu krenki yake imelala, ya mashine ya nyasi krenki imesimama, kwa hivyo vitu vingi haviingiliani, pengine plagi na oili peke yake. Kwa hivyo unahitaji spea ya injini hiyo hiyo yako, na kama ni injini inayojulikana, iwe ni Briggs & Stratton ama Honda, kuna namba za modeli zimegongwa kwa chuma, unazipiga picha na simu unaenda nazo mjini, spea utapata, ikikosekana inaagizwa. Na hizo kampuni pia zina shida zao, Honda iliacha kuunda mashine za nyasi za soko la Marekani mwaka wa 2023, Briggs & Stratton ambayo iko tangu 1908 ilikwenda mahakamani kwa sababu ya madeni mwaka wa 2020 ikanunuliwa na wengine, lakini kwa vile injini zao zimejaa dunia nzima kuna watu bado wanauza spea zao. Sasa hiyo yenye jina ambalo hujawahi kulisikia na hutalisikia tena, namba yake utapeleka kwa nani?

Ndo maana sipendi ile hesabu watu wanapenda, ati ukiona kutengeneza kumezidi nusu ya bei ya mpya basi nunua mpya. Ukiisikia unaona ina akili. Lakini mpya ipi? Nilienda dukani, sitalitaja, nikaangalia hiyo mpya waliyokuwa wanataka tununue, nzuri, inang'aa, rangi ya machungwa. Nikamuuliza kijana wa kaunta kabureta yake nitapata wapi. Akaniambia waranti ni mwaka mmoja. Nikamuuliza tena, mwaka ukiisha kabureta nitapata wapi. Akacheka, akasema, "Mzee, si utakuwa umenunua ingine." Hakuwa na ubaya wowote huyo kijana, alikuwa ananiambia ukweli vile biashara inaendeshwa, na huo ndo ukweli unafaa kuandikwa kwa kadi ya bei ndo mtu akilipa awe anajua amenunua mashine ama amekodisha. Ile ya zamani ya kutengeneza hata kwa asilimia sitini ya bei, kama spea ziko, mimi ningetengeneza. Na hiyo mpya hata ikiwa nusu bei, kama spea hakuna, umejiwekea kikao kingine cha kamati mwakani.

Hizi za betri wakwe zangu wako nayo moja huko Syokimau, ni tulivu na haina mambo ya kabureta, nimeipenda, ila uliza betri peke yake inauzwa pesa ngapi kabla hujaipenda sana, na ujue betri ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwa mashine ya ingine.

Nirudi kwa yule mzee wa slasha, kwa sababu watu walimcheka na hakustahili. Hii nyasi yetu ya Kikuyu ni ya hapa hapa nyanda za juu za Afrika Mashariki, ndo ikapelekwa Australia, Afrika Kusini na kwingineko, na inajifuma chini hadi inakuwa zulia nzito. Ukiingiza mashine ndogo kwa nyasi kama hiyo ikiwa imefika magotini unaiua, iwe ya zamani iwe mpya, injini inalemewa, nyasi mbichi inashikana chini ya bodi, unaiacha hapo na unyevu, bati linaoza na kutu. Kwa hivyo tumekubaliana, mvua ikinyesha sana vijana wapite kwanza na slasha walipwe vizuri, halafu mashine ifuate ikiwa imeinuliwa juu, ishushwe safari ijayo. Na mawe na zile kona za simiti zipakwe chokaa zionekane. Hapo mzee alishinda na nikamwambia.

Kile naomba sasa kwa wanaohusika. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 46 inasema mtumiaji ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na pia ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi bidhaa kikamilifu. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Mimi si wakili lakini kama kuna habari mtu anahitaji ili afaidi mashine kikamilifu, ni ya spea. Ufaransa wameshaonyesha inawezekana, tangu Januari 2021 kuna bidhaa ambazo lazima ziuzwe zikiwa na alama juu ya kumi zinazoonyesha kama zinatengenezeka, na kati ya zile tano za kwanza, pamoja na simu, laptopu, televisheni na mashine za kufua, kulikuwa na mashine za kukata nyasi za umeme. Wanahesabu kama kuna maelezo ya kuitengeneza, kama inafunguka bila kuvunjwa, spea zinapatikana kwa muda gani, na bei ya spea ikilinganishwa na bei ya mashine. Hiyo ya mwisho ndo naipenda sana, maana kuna wauzaji wako na spea kweli, lakini kakitu kadogo kanauzwa bei ya mbuzi.

Hatuhitaji hata kuanza na alama za Wafaransa. Shirika la viwango, KEBS, na wizara ya biashara waanze na kitu kidogo, kila anayeuza mashine yenye injini aandike kwa kadi ya bei mambo matatu: duka la spea liko wapi hapa Kenya, spea zitakuwepo hadi mwaka gani, na bei ya kabureta, bledi na kamba ya kuwashia leo. Isiyo na spea iandikwe haina spea. Wanaotaka kuinunua bado watainunua, ni haki yao, lakini hakuna atakayeambiwa habari ya waranti akiwa ameuliza kabureta.

Na kama kuna muuzaji anasoma gazeti hili na spea anaweka, tafadhali aandike hapa atuambie ni za injini gani, maana sisi wa Donholm mwakani tutahitaji bledi, na sidhani ni sisi peke yetu.

Mweka hazina wa kamati ya mtaa,
Donholm, Nairobi