Vidonge vya Baba si vya mkono

Leicester, Jumapili usiku

Dada Zuhura,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Mimi mzima, baridi tu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya basi hadi nikapitiliza kituo. Hizo elfu 30 ulizoniomba za kombe, hayo maji ya aya ya kunywa, na za mzee wa Likoni ningekutumia bila neno, lau ungeniambia mapema kuwa Kaka Athumani ndiye aliyetupa vidonge vya Baba vya fluoxetine, dawa ya unyogovu. Baba kavinywa siku tisa tu! Eti mkono mbona haunyanyuki. Nani alimwambia ni dawa ya mkono?

Dada, kiharusi hakimpigi mtu mwili peke yake. Katika kila watatu wanaopona, mmoja hivi huingia unyogovu. Baba kugeukia ukutani, kukataa hata mbaazi zako, kutotaka kusikia bao likichezwa pale Kibokoni: hiyo si hasadi wala kudeka, ni ugonjwa, na una dawa. Hapa Uingereza watu zaidi ya 3,000 waliopigwa na kiharusi walijaribiwa miezi sita, nusu wakinywa fluoxetine hiyohiyo na nusu kidonge kitupu, na majibu yakatoka 2018. Viungo havikurudi kwa sababu yake. Kwa walioinywa, waliozama kwenye huzuni ndio waliopungua. Waliovunjika mifupa nao waliongezeka, kwa hivyo Baba asiende chooni peke yake.

Mpeleke tena kwa daktari, aanzishwe upya kwa mpango. Mtajie na aspirini anayokunywa Baba, maana dawa hizi mbili zikikutana damu huvuja kwa wepesi. Choo kikiwa cheusi, msingoje asubuhi. Siku za mwanzo huenda akasikia kichefuchefu au akakosa usingizi. Faida haionekani kabla ya wiki mbili, wengine hata sita. Na akichangamka msiache ghafla, mngoje neno la daktari. Kombe mpeni pia, sikatazi. Kisomo hakijagombana na kidonge.

Najua Athumani atasema nimejifanya daktari. Mwambie sasa mimi ndiye msimamizi wa zamu ya usiku, wazee 22 mikononi mwangu, na cheti nimekitundika ukutani. Mmoja wao alikuwa hasemi neno. Siku hizi ananigombeza chai ikipoa. Usiku nikimfunika blanketi hunijia harufu ya mahamri ya alfajiri, nikatoka nje kidogo.

Nimetuma elfu 18, za daktari na dawa. Tuktuk nilimnunulia Athumani kwa roho safi, simdai. Lakini vidonge vikae kwako, kwenye kabati la vyombo, na ufunguo usimpe hata akilia.

Nduguyo,
Salimu

Akitokea mtu wa kuja huku, mpe achari ya embe aniletee. Ile ya Bi Mkubwa, si ya dukani.