Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Historia ya Klabu ya Sheffield

Ndugu wanachama,

Kama mlivyoagiza katika mkutano mkuu uliopita, kamati ya utendaji imetumia sehemu kubwa ya mwaka kuandaa historia ya klabu moja ndogo ya soka, na iliyochaguliwa ni Sheffield FC ya Uingereza. Baadhi yenu mliuliza kwa nini hatukuchukua klabu yenye jina. Ni kweli kwamba Sheffield, ambayo haihusiani na klabu za Sheffield United wala Sheffield Wednesday za mji huohuo, hucheza mbali chini ya madaraja manne ya juu ya Uingereza. Lakini FIFA inaitambua kuwa klabu kongwe ya soka kuliko zote duniani, na kilichoishawishi kamati ni kwamba ukongwe huo unathibitishwa na maandishi ya wanachama wenyewe.

Nathaniel Creswick na William Prest waliianzisha tarehe 24 Oktoba 1857, na mwaka uliofuata wanachama wakapitisha kanuni zao. Kanuni hizo ziliruhusu kumsukuma mpinzani kwa mikono, zikakataza kabisa kumpiga mateke na kumtega, na kumtaka kila mchezaji ajipatie kofia nyekundu na nyingine ya buluu iliyokoza ili pande mbili zitofautiane, maana jezi za timu hazikuwa zimezoeleka. Kwa kuwa hapakuwa na klabu nyingine ya kukutana nayo, walicheza wenyewe kwa wenyewe, waliooa dhidi ya makapera, hadi ilipozaliwa Hallam. Timu hizo mbili zilipambana katika uwanja wa Sandygate tarehe 26 Desemba 1860, na Sheffield ikashinda 2-0.

Mchango wa mji huo katika mchezo tunaoujua ni mkubwa kuliko wanavyodhani wengi. Mpira wa kona, kwa mfano, ulichezwa Sheffield kabla Chama cha Soka cha Uingereza (FA), chenye makao London, hakijauingiza katika sheria zake mwaka 1872. Klabu ilijiunga na chama hicho mwaka 1863, lakini iliendelea kufuata kanuni za nyumbani, na tofauti hizo zilimalizika mwaka 1877 pale mji ulipokubali sheria moja.

Pigo lilikuja mwaka 1885, malipo kwa wachezaji yaliporuhusiwa. Sheffield ilishikilia soka ya ridhaa, ikaachwa nyuma na klabu zilizozaliwa baada yake, na heshima yake kubwa ya uwanjani ikabaki Kombe la Ridhaa la mwaka 1904. Mwaka 1977 ilifika Wembley katika fainali ya FA Vase, kombe la klabu za madaraja ya chini, ikatoka sare na Billericay Town na kufungwa katika mchezo wa marudiano. Uwanja wa kuuita wake iliupata mwaka 2001 tu, tena Dronfield, nje ya mji inaoubeba katika jina.

Suala lililozua mjadala mrefu katika kamati ni la mwaka 2011, klabu ilipouza kwenye mnada wa Sotheby's nyaraka zake za awali, zikiwemo kanuni zilizoandikwa kwa mkono, kwa pauni 881,250. Wajumbe wawili waliona huko ni kuuza urithi. Binafsi siwaungi mkono: klabu hai inahitaji nyasi, taa na vyoo, na kanuni zile zilikwisha kunakiliwa na kusomwa na watafiti. Hata hivyo nakubaliana nao kwamba fedha hizo zisingepatikana kama makatibu wa kwanza wangezembea kutunza makaratasi, na hapo timu zetu nyingi za mitaani, ambazo daftari la vikao huhama na katibu anapohamia mtaa mwingine, hazina cha kujitetea.

Rasimu ya historia imekamilika na iko kwa katibu. Kamati inaomba mkutano uidhinishe mambo mawili: rasimu hiyo isomwe na wanachama kabla ya kuchapishwa, na mihtasari ya chama chetu itolewe nakala ya pili itakayotunzwa na mhazini.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti